Injini za treni za mfano za zamani: ninunue ama niache?

Wakuu, mzee mmoja hapa Section 58, Nakuru, anauza injini mbili, moja chapa ya Hornby Dublo, nyingine Tri-ang. Njia yangu ni ya kisasa, reli mbili, upana wa milimita 16.5 kati yake, volti 12. Mnasemaje?

Jibu, Kisumu: Pindua hiyo Dublo. Kabla ya 1959 zilikuwa za reli tatu, ya kati ikileta umeme. Ukiona kipande cha kunyonya umeme katikati ya tumbo, kwako haitembei. Tri-ang mota yake ni rahisi: brashi za kaboni, tone la mafuta, twende. Ila kingo za magurudumu ni ndefu, zitagongagonga reli zinapogawanyika.

Jibu, Kakamega: Kagua chuma pia. Sehemu za zinki zikipasuka au kuvimba, hazina dawa.

Muulizaji: Dublo inacho hicho kipande. Tri-ang naichukua, mzee akishusha bei.