Oili ya difu kwa hosi ya dabo difu: 90 au 140?

Mwenye Hosi Moja

Wakuu, salaam. Nina hosi (kichwa cha lori) ya dabo difu, yaani yenye ekseli mbili za nyuma na kila moja ina difu, gia zake za kuzungusha magurudumu. Niliinunua ikiwa imeshatumika Ulaya, nayo huvuta trela ya ekseli tatu kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, ikiwa na mzigo kamili unaoruhusiwa mizanini. Wiki iliyopita dereva wangu alipomaliza kupanda Kitonga alisikia harufu kali kama ya kiberiti, na aliposhuka akakuta difu ya mbele haigusiki kwa joto, ilhali ya nyuma ilikuwa na joto la kawaida tu. Tulipofungua nati ya kumwagia, oili ilitoka nyeusi na nyepesi kama maji ya masizi. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na uji laini wa kijivu, lakini hatukuona chenga za chuma.

Fundi wangu anataka niweke 140, kwa hoja kwamba mzigo ni mzito na Ruaha Mbuyuni kuna joto, hivyo oili nayo iwe nzito. Muuza duka ananishauri nichukue dumu la 80W-90 lenye maandishi ya GL-4 (daraja la ubora wa oili ya gia), kwa kuwa bei yake ni nafuu na nitaweza kulitumia kwenye giaboksi pia. Kitabu cha gari sikupewa. Naomba ushauri wa wanaozifahamu difu hizi, kabla sijafanya kosa la pili.

Fundi wa Uyole

Ndugu yangu, kabla ya kushindania 90 na 140, dumu hilo la GL-4 lirudishe dukani. Difu nyingi za malori hutumia gia za haipoidi, ambapo piniani (gia ndogo inayoleta nguvu) haiukabili mhimili wa krauni (gia kubwa inayozungushwa nayo) katikati, bali hukaa pembeni kidogo, kwa kawaida chini yake. Kwa sababu hiyo meno hayabingiriani tu. Yanasuguana kwa kuteleza huku yamebeba mzigo wote wa gari, na utando wa oili peke yake hukatika. Kinachookoa chuma hapo ni viambato vya salfa na fosforasi, ambavyo joto la msuguano huvifanya vishikamane na uso wa jino. GL-5 ina viambato hivyo kwa wingi unaoifaa haipoidi, na GL-4 ina takriban nusu yake. Harufu ya kiberiti aliyoisikia dereva wako ni salfa hiyo ikiungua.

Giaboksi ni shauri jingine. Yenye sinkronaiza za shaba (bangili zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia) mara nyingi huhitaji GL-4 au oili yake maalumu, na ukiweka GL-5 isiyoruhusiwa, gia zinaweza kuanza kuingia kwa shida na shaba ikaliwa polepole. Kwa hiyo kununua dumu moja kwa kazi mbili si akiba, isipokuwa mtengenezaji wa gari lako ameruhusu waziwazi.

Sasa ingia chini ya gari ukiwa na brashi ya waya na tochi, usugue tope kwenye nyumba ya difu mpaka uone kibati au namba zilizogongwa kwenye chuma. Kwa namba hizo za ekseli, wakala wa vipuri anaweza kukutajia oili iliyoidhinishwa. Mercedes-Benz, kwa mfano, huziweka oili za difu za kawaida za 85W-90 chini ya namba 235.0, MAN wana 342, na Scania wana STO 1:0. Namba hizo huandikwa nyuma ya dumu kwa herufi ndogo, nami huziamini kuliko maneno makubwa ya mbele. Angalia pia kama magurudumu ya nyuma yana gia zake ndani ya habu (kitovu cha gurudumu). Kama yapo, habu hizo zina oili yake na nati zake, na wengi hubadilisha oili ya katikati wakazisahau kabisa.

Dereva Mstaafu

Nakubaliana na fundi, ila mimi ningeanza na swali jingine: difu ile ilitoa lita ngapi? Ikiwa moja imechemka na mwenzake ametulia, wakati zote zilikuwa na oili ya aina moja, mashaka yangu ya kwanza ni kwamba ya mbele ilikuwa pungufu.

Nimewahi kuharibu difu kwa kuamini kidole. Niliingiza kidole kwenye tundu la kujazia, nikagusa oili, nikaridhika. Ukweli ni kwamba oili inapaswa kulingana na ukingo wa chini wa tundu, gari likiwa limesimama mahali tambarare na oili imeshapoa na kutulia. Oili inayofikiwa na ncha ya kidole tu inaweza kuwa pungufu kwa zaidi ya lita nzima. Kwenye mlima mrefu kama Kitonga, ambapo gari hupanda kwa gia ndogo na krauni inazunguka polepole, oili hairushwi vya kutosha kufika kwenye beringi za piniani, na difu ya mbele ina gia za ziada za kugawa nguvu kwenda nyuma, ambazo nazo zinaisubiri oili hiyohiyo.

Kisha tafuta tundu la kupumulia juu ya ekseli. Likizibwa na tope, au na rangi ya mtu aliyelipendezesha gari kabla ya kuliuza, hewa iliyopata moto haina pa kutokea, hivyo husukuma oili ipite kwenye sili.

Mpima Vilainishi

Niongeze kuhusu namba, kwa sababu naona zinatisha kuliko inavyostahili. Namba za oili ya gia na za oili ya injini zipo kwenye mizani mbili tofauti. Kwenye nyuzi joto 100, oili ya gia ya 90 ina mnato (uzito wa kutiririka) wa sentistoki 13.5 hadi chini ya 18.5, na oili ya injini ya 40 ina 12.5 hadi chini ya 16.3, yaani zinakaribiana sana. Ya 140 huanzia 24 na kuishia chini ya 32.5. Katikati kuna daraja la 110, lililoongezwa mwaka 2005. Kabla ya hapo, oili yenye mnato wowote kati ya 13.5 na 24 iliitwa 90. Kwa hiyo kitabu cha zamani kinachosema 90 kilikuwa na upana ambao dumu la leo halina.

Namba yenye herufi W huonyesha tabia ya oili kwenye baridi kali. Ile ya 85W hupimwa kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Makambako ya mwezi wa saba haiijui, hivyo kwako namba ya pili ndiyo yenye uzito.

Je, 140 ni kosa? Si lazima. Kwa difu isiyo na gia kwenye habu, yenye mzigo mkubwa katika nchi ya joto, wapo watengenezaji wanaoruhusu 85W-140 ya GL-5. Lakini oili nzito kupita ilivyokusudiwa huleta joto lake yenyewe, kwa sababu krauni hutumia nguvu kuivuruga, na asubuhi huchelewa kupenya kwenye beringi. Oili ya sintetiki ya 75W-90 huvumilia joto kwa muda mrefu kuliko ya kawaida, ambayo huzeeka haraka ikikaa juu ya nyuzi 120. Sharti ni mtengenezaji awe ameiruhusu, na usiichanganye na masalio ya oili ya zamani.

Mwenye Hosi Moja

Wakuu, nimerudi na majibu. Kibati kimeonekana upande wa kulia, chini ya tope la miaka mingi, na wakala amesoma namba hizo akanitajia 85W-90 ya GL-5. Habu hazina gia. Tulipima oili iliyotoka: difu ya mbele ilikuwa na upungufu wa lita nne na nusu, na tundu la kupumulia limezibwa kwa rangi ya fedha, kama alivyobashiri mzee. Sili ya piniani ilikuwa imelowa, nasi tumeibadilisha. Je, inatosha, au difu ifunguliwe?

Fundi wa Uyole

Kwa kuwa sumaku ilikuwa na uji tu, usiifungue kwa sasa, mradi piniani haichezi ukiitikisa kwa mkono. Weka oili hiyo, tembea safari moja ya kwenda na kurudi, kisha imwage ukiwa umeweka kitambaa cheupe kwenye beseni, kwa sababu oili iliyoungua huacha uchafu unaotoka kwenye kumwaga mara ya pili. Ukiona vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, hata kimoja, gari lisipande Kitonga tena kabla krauni haijakaguliwa. Na juu ya mlima, dereva apime difu zote mbili kwa kipimajoto cha mionzi, sehemu ileile kila safari, akuandikie tarakimu.