Mzee mnamjua nyote: kaifanya karatasi yangu ya Cambridge sahani ya viazi karai

Binti_Tensa · leo, saa 5:06 usiku

Sitaji jina, sina haja. Ukipanda ghorofa ya pili pale ukaona mwavuli mweusi umetundikwa mlangoni, kaskazi yavuma, wingu hakuna hata la dawa, basi ushamjua.

Nimetoka kwake alasiri na mpaka saa hii mikono yanitetema. Nimeoga mara mbili. Bado nasikia harufu ya ukwaju.

Kwa ufupi. Naomba nafasi Cambridge, ile Part III ya hisabati, mwaka mmoja wa uzamili. Huko ndiko wanakopikwa watu wa fizikia ya nadharia. Wataka barua mbili za walimu wanaokujua. Ya kwanza imefika kwa siku mbili, Mungu ampe kila la kheri yule mwalimu wa aljebra. Ya pili ni ya Mzee, kwa sababu ndiye alonisimamia mradi wa mwaka wa nne, na kwa sababu sikuwa na akili.

Wiki TATU. Chuo kimemtumia linki kwa barua pepe yake ya yahoo, ile aliyofunguliwa na mpwa wake, hafungui. Aniambia, "Mwanangu, kwenye simu mimi sioni, niletee karatasi." Haya. Nikaenda saiba Mwembe Tayari nikatoa karatasi kumi na moja, za rangi, shilingi ishirini moja. Maelezo yangu binafsi, transkripti, muhtasari wa mradi, na ukurasa mmoja nimemwandikia kwa herufi kubwa kama za chekechea: BONYEZA HAPA. KISHA HAPA. Nikazitia kwenye faili ya plastiki ya kijani. Faili nimenunua mimi.

Wiki ya kwanza: "kesho inshallah". Ya pili: tiki mbili za buluu. Ya tatu yuko matangani, yuko harusini, yuko matangani tena. Ukoo ule kwa mwezi mmoja umeoza na kuzika kuliko Mombasa nzima.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Saa sita kasoro dakika moja usiku ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja. Nimevuka feri na jua la saa nane, nimepanda ngazi, mlango u wazi. Mzee na wenzake wawili wamezunguka meza. Katikati viazi karai.

Na chini ya viazi, mimi.

Ukurasa wa sita. Niliutambua kwa mlingano wa Dirac, ule wa mwendo wa elektroni, niliokesha nao kuupanga ukae sawa. Mafuta yamepenya, karatasi imekuwa kioo, maandishi yasomeka mpaka upande wa pili, alama zake za gamma zote zimegeuka kinyume. Palipo na herufi m, tone la ukwaju. Mlingano wa 1928 jamani! Vita vya pili vya dunia vimeupita haukuguswa. Umekuja kuuliwa na kiazi.

Nikasimama pale kama nguzo ya stima. Akaniangalia. Akapangusa kidole. KWENYE UKURASA. Akasema, nami nitanukuu maneno haya mpaka kaburini:

"Usijali, karatasi ilikuwa safi."

Karatasi ilikuwa safi!!! Si samahani mwanangu. Si lo, kumbe ni yako. Alidhani nahofia tumbo lake!

Halafu akanisukumia sahani, yaani akanisukumia mimi mwenyewe. "Karibu, vya leo vimekolea."

Nikaondoka. Ile faili ya kijani niliiona dirishani, ametia bili za maji.

Saa hii nikifungua tovuti ya maombi yasema barua ya pili "inasubiriwa". Imebaki chini ya saa nne. Stima imepotea huku Likoni, simu iko asilimia 19. Lakini msijali, karatasi ilikuwa safi.

---

Kaka_wa_Feri · 5:11 usiku

Pole sana dada. Swali moja tu. Hicho kiazi ulikula?

---

Mwavuli_Mweusi · 5:14 usiku

Nimefungua akaunti sasa hivi kwa ajili ya uzi huu. Karatasi ilikuwa safi.

---

BiMkubwa_Kibokoni · 5:19 usiku

Mimi nilipomwendea na habari za kosmolojia aliniuliza, "Na huko mbinguni ukishafika, mumeo atapikiwa na nani?" Na mwenyewe mchana ala vya kununua, sahani hana. Mwanangu, wewe umepata bahati, yangu hata haikufika kuwa sahani. Niliikuta imekunjwa imetiwa chini ya mguu wa meza, isicheze.

---

Binti_Tensa · 5:21 usiku

@Kaka_wa_Feri hilo silo suala.

---

Kaka_wa_Feri · 5:21 usiku

Amekula huyu.

---

Profesa_wa_Baraza · 5:33 usiku

Mtanisamehe, lakini kosa ni la mwenye uzi. Kwanza, anwani ya yahoo. Vyuo vingi vya huko vyataka barua itoke kwenye anwani ya kazi ya mwalimu, si ile aliyofunguliwa na mpwa wake. Hilo lilitakiwa liulizwe siku ya kwanza. Pili, mwalimu ambaye hasomi barua pepe humpi kazi ya barua pepe, hata angekuwa amekufundisha kutembea.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kwa nini mayai yote kwenye kikapu kimoja? Hiyo Part III ni nzuri, hakuna anayebisha. Kozi za saa 16 au 24 za mihadhara, mtihani Juni, na idara yenyewe ndipo alipokaa Hawking, yule mwanafizikia wa mashimo meusi. Lakini ni ghali, na kupata nafasi si kupata pesa. Trieste kule Italia kuna ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam 1964 kwa ajili ya watu kama sisi hasa, wa nchi ambazo maktaba ina kitabu kimoja na kimeazimwa. Wana diploma ya mwaka mmoja baada ya digrii ya kwanza, hisabati ipo, fizikia ya chembe ipo, na wanakulipia. Tawi lao la Afrika Mashariki liko Kigali tangu 2018, basi tu unafika. Kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ilianza Muizenberg karibu na Cape Town 2003, masomo na malazi na chakula vyote juu yao. Aliyeianzisha, Neil Turok, alikuwa Cambridge hiyohiyo, kisha akaenda kuongoza Perimeter, taasisi ya fizikia ya nadharia kule Kanada, ambako nako kuna uzamili wa miezi kumi wa kulipiwa. Yote haya yako wazi kwa anayetafuta. Kijana anakaa wiki tatu akingoja mwavuli.

---

Chapati_Ngumu · 5:36 usiku

Nimesoma mpaka "kwanza".

---

Binti_Tensa · 5:40 usiku

Profesa, Trieste nimeomba. Kigali nimeomba. Na wao wataka barua za walimu, unadhani nimempa nani? Faili ni moja. Karatasi ni kumi na moja. Kila nikizihesabu kichwani najiuliza zile nyingine kumi zimebeba nini. Ukurasa wa pili una jina langu kamili, ukiukuta umefungiwa bajia utanijulisha.

---

Mwanaisha_maneno_mawili · 5:48 usiku

Nyinyi mwalia barua. Mimi cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaisha, neno moja. Cheti cha sekondari, Mwana Aisha, mawili. Transkripti imenipa kistari katikati, sijui wamekitoa wapi. Nimekwenda ofisi fulani, siitaji, nikaambiwa niape kwa wakili kwamba watu hawa watatu ni mtu mmoja. Nimeapa. Nikarudi. Wakanipokea, na kwenye risiti wakaniandika Mwanahawa.

---

Sufuria_Tupu · 5:52 usiku

Na mtihani wa Kiingereza? Nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, nimechapwa kwa ajili ya Kiingereza, nimevishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili uwanjani. Leo naambiwa nilipe pesa za kigeni kuthibitisha kwamba nakijua! Warudishe viboko vyangu kwanza, wavihesabu kama alama.

---

Kaka_wa_Feri · 5:55 usiku

Tusitoke kwenye mada. Kiazi.

---

Fundi_wa_Kisauni · 6:02 usiku

Kitaalamu hiki ni kiazi cha Schrödinger, kama yule paka wake wa sandukuni aliye hai na aliyekufa kwa pamoja. Mpaka afungue kinywa hapa, kiazi kimeliwa na hakijaliwa, vyote pamoja.

---

Mwana_wa_Tudor · 6:07 usiku

Mimi nataka kujua kitu kimoja. Ukwaju wenyewe ulikuwa mzito au wa maji? Maana pale chuoni hakuna wa kuujua. Wanauza maji ya rangi.

---

BiMkubwa_Kibokoni · 6:10 usiku

Viazi karai si vya ukwaju wa maji, huo ni wa kunywa. Ukwaju wa viazi wachemshwa, wachujwa, watiwa pilipili na chumvi, na sukari kidogo sana. Na unga wa juu usiwe mzito kama koti la baridi. Wallahi watu wa siku hizi wala unga na ndani kuna kiazi cha kutafuta kwa tochi.

---

Mwana_wa_Tudor · 6:12 usiku

Sukari? Bi Mkubwa, sukari?

---

BiMkubwa_Kibokoni · 6:13 usiku

Kidogo. Wewe soma ulivyoandikiwa.

---

Binti_Tensa · 6:20 usiku

Haya. Nilikula.

Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi. Nimevuka feri na jua lile. Akasukuma sahani, na wale wawili wananiangalia, na mimi nimelelewa, mtu mzima akikukaribisha hukatai. Nikachukua kimoja. Kilipoondoka kikaacha alama ya duara pale, chini yake pameandikwa "matokeo makuu ya mradi". Nikatafuna huku nayasoma matokeo makuu ya mradi.

Halafu nikachukua cha pili.

Vilikuwa vitamu. Hilo ndilo linalonila roho.

---

Kaka_wa_Feri · 6:20 usiku

NILISEMA!!!

---

Chapati_Ngumu · 6:21 usiku

VIWILI 😂😂😂 dada umeshirikiana na adui kuangamiza ushahidi

---

Mwavuli_Mweusi · 6:22 usiku

Sasa mnaelewa kwa nini nilisema karatasi ilikuwa safi. Ningemlisha mwanafunzi wangu kwenye karatasi chafu?

---

Msimamizi · 6:31 usiku

Nakumbusha kanuni: hakuna kutaja jina la mtu. Mwenye uzi hakutaja. Lakini nimefutilia mbali majibu manne yaliyotaja nambari ya chumba, moja lililotaja nambari ya gari, na moja lenye picha ya mwavuli. Akaunti ya Mwavuli_Mweusi naiacha kwa sababu inanichekesha.

---

Profesa_wa_Baraza · 6:44 usiku

Nimeuliza swali la msingi kuhusu anwani ya barua pepe na sijajibiwa. Pia niongeze kwamba Dirac mwenyewe alikalia kiti kilekile cha uprofesa cha Newton pale Cambridge, tangu 1932 mpaka 1969, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Wengine tungeiga.

---

Chapati_Ngumu · 6:45 usiku

Anza wewe.

---

Mwana_wa_Tudor · 7:03 usiku

Nimemwamsha mama nimemuuliza. Amesema sukari hapana. Amesema pia nilale.

---

BiMkubwa_Kibokoni · 7:09 usiku

Mamako kwao bara, mwambie namsalimu.

---

Sufuria_Tupu · 7:15 usiku

Pale Lighthouse jioni kuna mama wa mihogo, pilipili yake na limau, hana haja ya ukwaju kabisa. Huu ugomvi wenu ni wa watu wasiotembea.

---

Binti_Tensa · 8:53 usiku

Jamani. Simu asilimia 3.

Saa nane na dakika hamsini na moja imebadilika. Yasema "imepokelewa". Dakika nane kabla!! Nimepiga kelele mpaka jirani amewasha taa ya betri. Sijui ameandika nini, hizo barua mwombaji haonyeshwi. Sijui ameamshwa na nani saa hizi. Sijui nimshukuru au

---

Mwavuli_Mweusi · 8:55 usiku

Niliandika: "Ana hamu nzuri ya kula."

---

Fundi_wa_Kisauni · 8:56 usiku

Hongera. Sasa turudi kwenye sukari.

---

Mwanaisha_maneno_mawili · 1:12 asubuhi

Asalaam alaykum wote. Binti, hiyo saiba ya Mwembe Tayari ya rangi shilingi ishirini iko upande gani? Huku Mtwapa wanatuchuna thelathini.