Mrejesho: Kuwaeleza watumiaji mipango ya programu huria

Niliwauliza namna ya kuwaeleza watumiaji wa programu yetu huria (yaani ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa wote) mambo tunayokusudia kuyatengeneza, bila kuahidi tusichoweza kutimiza. Nawashukuru kwa dhati, kwani ushauri wenu nimeufuata.

Tumeondoa karibu tarehe zote, kwa kuwa wachangiaji wetu ni watu wa kujitolea, na kila kazi sasa iko chini ya "tunaifanya", "inafuata" au "bado tunaitafakari". Palipoandikwa "Kuhifadhi kwa PDF: Machi", ahadi tuliyoivunja mara mbili, sasa pameandikwa: "Inafuata, anasubiriwa mtu wa kupitia msimbo." Sentensi hiyo ilimleta mtumiaji mmoja aliyejitolea kuupitia, jambo ambalo tarehe haikuwahi kulifanya.

Tarehe tumeibakiza kwa jambo moja tu, yaani kusitishwa kwa toleo la zamani, maana hapo mtumiaji anahitaji muda wa kuhama. Mfano wa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ulinisaidia sana: ukomo wake ulipangwa 2015, kisha mwaka 2014 ukasogezwa hadi 2020. Sisi tumetoa miezi 12.

Bado naona ugumu katika kueleza maombi ya watumiaji tuliyoyakataa. Kwa sasa naandika sababu chini ya kila ombi ninalolifunga.