Tupeane uzoefu: nani amewahi kutafuta hukumu ya familia (talaka, mirathi, mtoto) kwenye mahakama za Lubumbashi?

Mwana_Katuba

Jambo yenu wote. Yaya wetu wa kwanza (dada yetu mkubwa) amepata mchumba. Jamaa si kijana, alishaoa zamani, ana watoto wakubwa, na anasema alimalizana na mke wa kwanza mahakamani. Ukimwomba karatasi anasema ilipotea walipohama kutoka Ruashi. Wazee wamekaa kikao, wakanigeukia mimi eti ndiye niliyesoma kidogo: nenda uangalie kama ni kweli.

Sasa mimi si mke, si mume, si avoka (wakili). Mtu wa kawaida anaweza kuingia Tripaix (mahakama ya amani) akauliza kama fulani na fulani waliachana? Mliowahi kutafuta hukumu za talaka, mirathi au watoto, tupeane uzoefu. Na msiniambie tu "chukua avoka", hilo nimeshalisikia nyumbani mpaka nimechoka.

YayaGeorgine_Kenya

Naanza mimi. Yetu ilikuwa mirathi. Baba alipofariki, kaka mkubwa alithibitishwa na mahakama kuwa likidateri (msimamizi wa mirathi), halafu tukakaa miaka bila kuona karatasi hata moja. Parseli (kiwanja chetu) ikaanza kupata wageni wenye futi za kupimia, wanaingia, wanapima, wanatoka bila kusalimia.

Nikaenda grefe (masjala ya mahakama) moja ya hapa mjini, nikataja jina la baba. Bwana wa pale hakunifukuza. Alininyooshea kidole tu: rafu mpaka karibu na dari, dosie (majalada ya kesi) zimefungwa kwa kamba, za juu zimepigwa na mvua hadi kadibodi imevimba na wino umetambaa. "Mama, hapa hatutafuti kwa jina. Lete RC na mwaka."

RC ni namba ambayo kesi ya kiraia inapewa siku inapoandikishwa. Bila hiyo, hata grefie (karani wa mahakama) mwenye moyo mzuri hana pa kuanzia. Na mimi sikuipata mahakamani. Niliipata kwenye ofisi ya Conservation des titres immobiliers (ofisi ya hati za ardhi na nyumba), kwa sababu kaka alikuwa ameanza kubadilisha jina la parseli na aliacha hukumu kwenye dosie ya nyumba. Nilijitambulisha kama mrithi, wakanionyesha. Namba, tarehe, jina la mahakama, vyote viko ukurasa wa kwanza. Niliporudi grefe na kile kikaratasi, mambo yalikwenda.

Ila elewa, mimi nilikuwa na haki ya wazi. Watoto wa marehemu ni warithi wa kundi la kwanza, hata waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua akiwa hai. Wewe ni shemeji mtarajiwa, usitegemee mapokezi hayo.

Papa_Trois

Mama Georgine, na hela ya biki, ile ya kumlainisha karani, mbona hujaitaja?

YayaGeorgine_Kenya

Nilitoa, Papa, nisidanganye. Lakini ile ya kopi yenyewe nilidai note de perception (karatasi ya malipo) ya DGRAD, ofisi ya mapato ya serikali, nikalipa benki, nikarudi na risiti. Ukiwa na risiti mkononi unaongea kwa sauti nyingine.

Clerc_wa_Zamani

Nimefanya kazi kwenye kabine ya avoka miaka mingi, nilikuwa mtu wa kupanda na kushuka ngazi za grefe. Niseme kidogo, kisha wengine waendelee.

Kwanza Mwana_Katuba, tenganisha hukumu na dosie. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 20 na cha 21, inasema vikao vya mahakama ni vya wazi isipokuwa pale uwazi unapohatarisha utulivu au maadili, na kila hukumu inaandikwa, inatolewa sababu, na inasomwa hadharani. Kwa hiyo hukumu ya talaka si siri. Lakini dosie, yaani barua za wanandoa, vyeti vya daktari, maneno waliyotupiana, hiyo ni ya wahusika na maavoka wao. Hata kikao cha usuluhishi mbele ya prezida, ambacho sheria ya familia inalazimisha kabla ya talaka, hakiingiwi na watazamaji. Ukienda ukasema "nataka kusoma kesi yao" utafukuzwa. Ukienda ukasema "nataka kuhakikisha kama RC hii iliamuliwa na lini", unaweza kusikilizwa. Afadhali zaidi andika barua fupi kwa prezida wa mahakama, ueleze wewe ni nani na sababu yako ni ipi, uache kopi pale secrétariat ipigwe muhuri wa kupokelewa. Grefie anaogopa kufungua rejista kwa mtu aliyekuja mikono mitupu. Barua ikiwa na neno la prezida pembeni, haogopi tena.

Pili, jua mahakama gani. Talaka inaanzia Tripaix. Uliza walikuwa wanakaa komini (manispaa) gani walipoachana, usianze na komini anayokaa leo. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Tribunal de grande instance, mahakama ya juu yake, na huko kesi inapata namba mpya ya RCA. Nimeona watu wakiigeuza Tripaix juu chini wakati dosie yote ilishapandishwa na rufaa na haijashuka. Ndiyo maana hukumu peke yake haitoshi. Omba pamoja nayo certificat de non-appel, karatasi ya grefe inayosema hakuna aliyekata rufaa. Bila hiyo unaweza kuwa unashika talaka ambayo bado inapiganiwa.

Tatu, na hapa ndipo ningeanzia mimi kabla ya kutoa hela ya teksi: komini. Talaka ikishakuwa ya mwisho inaandikwa kwenye rejista za état civil (za uzazi, ndoa na vifo), na pembeni ya hati ya ndoa inawekwa alama yake. Jamaa aende komini walikofungia ndoa, achukue kopi ya hati yake mwenyewe. Mtazame pembeni. Kama pameandikwa, hapo hapo utapata mahakama, namba na tarehe. Kama pako peupe, ama hakuna talaka, ama hakuna aliyejisumbua kuipeleka, na hilo la pili ni la kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Kama ndoa yao ilikuwa ya kimila na haikuandikishwa, hakuna pembeni ya kutazama.

Mama_Divine

Tukiwa kwenye komini, mimi naongelea watoto. Sheria iliyorekebishwa 2016 inatoa siku 90 kumwandikisha mtoto. Zikipita, unatafuta jugement supplétif, hukumu ya kuruhusu mtoto aandikishwe kwa kuchelewa. Yangu ilitoka mahakama ya watoto na nikaja kuipoteza. Kule kwa watoto milango imefungwa kweli, mashauri yao yanasikilizwa faraja... faragha nilitaka kuandika, simu hii! Mlinzi hata hakutaka kujua nina shida gani mpaka nitoe karte yangu ya uchaguzi na nionyeshe kwamba mimi ndiye mama. Na sioni ubaya. Nani anataka jirani asome kesi ya mtoto wake?

Kilichonisaidia ni kwamba komini ilikuwa imebaki na kopi ya hukumu ile, ndiyo waliyotumia kuandika hati ya kuzaliwa. Kwa hiyo na mimi nasema, komini kwanza.

Muzee_Kamalondo

Watoto wangu, nyinyi mnatafuta za juzi. Mimi nilitafuta talaka ya nkambo mwanamke (bibi), kwa ajili ya ugomvi wa shamba, na wale waliachana mji huu ukiitwa bado Elisabethville. Wakati huo mambo ya ndoa za watu weusi yalikatwa na mahakama za kimila za cité (mitaa ya watu weusi), si Tripaix. Tripaix zimekuja baadaye. Usiende kumsumbua kijana wa grefe na kesi ya 1957, atakuangalia kama umetoka kaburini.

Mimi nilipata kwenye karatasi za kazi. Nkambo mwanaume alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi, na kampuni iligawa posho kwa kuhesabu mke na watoto. Mke akitoka, anafutwa kwenye karte. Tulikuta karte ya zamani ndani ya sanduku la marehemu mjomba, jina la nkambo mwanamke limepigwa mstari, pembeni kuna tarehe na maneno "divorcée, trib. centre", yaani ameachwa, mahakama ya kimila ya mtaa. Mstari ule mmoja ndio uliomaliza ugomvi kwa shefu (chifu). Waulizeni wazee wenu masanduku kabla hawajaondoka nayo.

Kaka_Dallas

Mimi niko Texas. Huku talaka ziko kwa district clerk wa county, na county nyingi unaandika jina tu kwenye kompyuta, inakuja namba ya kesi, tarehe, na kama imekwisha. Jina tu! Kopi yenye muhuri unalipia. Kasisi wangu aliponiomba karatasi za mchumba wangu wa huku niliipata nimekaa kitandani. Halafu nikakumbuka mambo ya kwetu yalivyo, nikacheka peke yangu.

Clerc_wa_Zamani

Kaka, na sisi tuna kidirisha kimoja cha kutafutia jina. Mtu akishtakiwa na haijulikani anakaa wapi, sheria inataka wito ubandikwe kwenye mlango mkuu wa mahakama na muhtasari wake uende Journal officiel, gazeti la serikali. Waume wengi wanaoomba talaka ya mke "aliyepotea" wanapita njia hiyo. Toleo la zamani la Journal officiel ukilipata, jina liko pale, na RC iko juu yake. Nimewahi kumpata mtu hivyo.

Na wale wenye kesi za sasa hivi, someni valve. Orodha ya kesi za siku inabandikwa pale ukutani asubuhi, majina ya pande mbili na RC. Beba kalamu, usitegemee picha. Kuna mahali polisi wa mlangoni hawataki kuona simu imeinuliwa.

Bahati_wa_Goma

Mimi niko Goma, naongeza dogo. Tangu Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia, mahakama za serikali zilisimama huku, na mwenye karatasi yake nyumbani ndiye mwenye karatasi. Nina hukumu ya malezi ya wanangu, expédition (kopi rasmi) yenye muhuri, niliichukua mapema kwa sababu baba mdogo alinisukuma. Moja iko kwangu, nyingine kwa dada Nairobi, na picha kwenye simu. Kama uko Lubumbashi na mahakama yako inafungua milango, chukua kopi yako leo.

Mwana_Katuba

Nimerudi, na asanteni nyote. Jamaa tulimbana kwa adabu, mbele ya wazee, akatoa angalau assignation (wito wa mahakama) ya zamani. RC ilikuwa juu. Niliandika barua kama Clerc alivyosema, prezida akaweka neno lake, nikapelekwa grefe. Mama mmoja mwenye miwani akashusha rejista kubwa kama mlango, akateremka na kidole kwenye majina. Akaipata. Tarehe ya kuandikishwa ipo, majina yote mawili yapo, chini ya "objet" pameandikwa divorce. Kidole kikaenda kolamu ya mwisho, kikasimama. "Radiation."

Nikamuuliza maana yake ni nini. Akasema siku ya kusikilizwa hakuna aliyekuja, si yeye si mke, kesi ikafutwa kwenye orodha. Hakuna hukumu. Hakujawahi kuwa na hukumu.

Sijui kama jamaa alitudanganya au yeye mwenyewe aliamini kwamba kupeleka kesi ndiyo kuachana. Yaya anasema ni la pili.

Clerc_wa_Zamani

Wapo wengi hivyo, nampa faida ya shaka. Basi mbele ya sheria bado ana mke, na komini haitawafungisha ndoa yule wa kwanza hajaachwa. Njia ipo: aombe kesi irudishwe kwenye orodha, alipe, mke aitwe upya, wapite usuluhishi, wasubiri hukumu, kisha siku 30 za rufaa, kisha certificat de non-appel, kisha komini ya kwanza iandike pembeni. Hapo ndipo yaya wenu apange tarehe.

YayaGeorgine_Kenya

Na mahari mmeshapokea?

Mwana_Katuba

Bado, Yaya. Baba mkubwa amesema tusiguse hata soda yao mpaka karatasi ifike.