Jacks or Better, Deuces Wild au Double Double Bonus: ipi inamfaa anayeanza kujifunza video poka?

Zabibu_ya_Hombolo
Wanajukwaa, habari za jioni. Niko Dodoma mjini, ninajifunza video poka kwa programu ya bure ya simu, bila kuweka fedha. Kilichonivuta ni kwamba katika mchezo huu uamuzi wa mchezaji una uzito, tofauti na mashine za kuzungusha picha: unapewa karata tano kutoka kasha la karata 52, unachagua za kubaki nazo, nyingine unabadilishiwa mara moja, kisha unalipwa kwa mkono uliopatikana. Programu yangu ina michezo mitatu. Jacks or Better hulipa kuanzia jozi ya jeki. Katika Deuces Wild, karata zote nne za mbili husimama mahali pa karata yoyote, ila malipo huanza kwenye tatu za namba moja, yaani karata tatu zenye namba inayofanana. Double Double Bonus hulipa vizuri sana ukipata nne za namba moja, hasa esi. Naomba tulinganishe kwa hesabu: ni upi unaompa nafasi nzuri zaidi mtu anayefikiri, na aanze na upi?

Hesabu_UDOM
Ndugu Zabibu, umeuliza vizuri, lakini kabla ya majina kuna jambo linalotangulia, nalo ni jedwali la malipo lililo juu ya skrini. Jina la mchezo halikwambii chochote kuhusu bei yake. Katika Jacks or Better tazama mistari miwili tu: fulhausi, yaani tatu za namba moja pamoja na jozi, na flashi, yaani karata tano za ua moja. Ikiwa ya kwanza inalipa 9 na ya pili 6 kwa kila sarafu, mchezaji asiyekosea hurudishiwa asilimia 99.54 ya fedha anazozungusha kwa muda mrefu. Jedwali la 8 na 5 hurudisha asilimia 97.30, na la 6 na 5 hurudisha takriban asilimia 95. Sababu ni nyepesi: kila mmoja wa mikono hiyo hutokea takriban mara moja katika mikono 90, kwa hiyo kila sarafu moja inayopunguzwa kwenye mstari wake humla mchezaji zaidi kidogo ya asilimia 1.

Tuweke kwa shilingi. Mtu anayecheza mikono 600 kwa saa, na huo ndio mwendo wa kawaida kwa aliyezoea, kwa dau la shilingi 500 kila mkono, anazungusha shilingi 300,000. Kwa jedwali la 9 na 6, wastani wa hasara yake ni shilingi 1,380 kwa saa. Kwa la 8 na 5 ni 8,100. Kwa la 6 na 5 ni 15,000. Karata ni zilezile, akili ni ileile, na skrini zinafanana kwa kila kitu isipokuwa tarakimu mbili.

Singida_Alizeti
Namuunga mkono mkuu hapo juu. Kuchagua mchezo kwa jina bila kusoma jedwali ni kama kununua gunia la alizeti bila mizani, ukaja kugundua kuwa la jirani lilikuwa lumbesa.

Hata hivyo, kama tunalinganisha kwa hesabu, mbona Deuces Wild haijatetewa? Jedwali lake kamili, lile linalolipa 5 kwa nne za namba moja, hurudisha asilimia 100.76. Hapo mchezaji ndiye mwenye faida. Kwa nini mwanafunzi aanze na mchezo ambao hata akicheza bila kosa unamla?

Binti_Kondoa
Kaka Singida, tarakimu yako ni sahihi, ila jedwali hilo ni adimu mno hata Nevada, Marekani, ambako mchezo huu ulikulia. Mara nyingi utakuta nne za namba moja zinalipa 4. Katika Deuces Wild mkono huo hutokea takriban mara moja katika mikono 15, kwa hiyo sarafu hiyo moja peke yake huondoa zaidi ya asilimia 6. Majedwali mengine hufidia kwenye mistari mingine, mengine hayafidii kabisa, na anayeanza hawezi kuyatofautisha kwa macho.

Sababu ya pili ya kuanza na Jacks or Better ni kwamba humo mtu hujifunza kupima. Tuchukue mkono huu: 3, 7, 9 na jeki, zote kopa, pamoja na 7 ya shupaza. Wengi hung'ang'ania jozi ya 7 kwa kuwa ni kitu kilichokwisha kupatikana. Lakini jozi ndogo ina thamani ya wastani wa sarafu 0.82 kwa kila sarafu iliyowekwa, ilhali ukibaki na kopa nne, kati ya karata 47 zilizosalia kuna kopa 9 za kukupa flashi inayolipa 6, na kuna jeki 3 za kukurudishia dau. Jumla ni 57 gawanya kwa 47, yaani 1.21. Unaitupa 7 ya shupaza. Sasa badilisha karata moja tu: badala ya 7 ya shupaza, iwe jeki ya shupaza. Jozi ya jeki ina thamani ya 1.54, kwa hiyo unaishika jozi na kuziacha kopa tatu. Ukielewa ni kwa nini mikono hii miwili inachezwa tofauti, umeshika nusu ya mchezo.

Mengine nayaorodhesha kwa haraka. Usibaki na esi pembeni ya jozi kwa matumaini. Jozi ndogo inaitangulia streti (karata tano zinazofuatana) iliyofika karata nne na iliyo wazi pande zote mbili, ambayo ikiwa haina karata kubwa, yaani jeki kwenda juu, thamani yake ni 0.68 tu. Na ukiwa na karata nne za flashi ya kifalme, yaani 10, jeki, malkia, mfalme na esi za ua moja, vunja jozi ya kulipa, vunja streti, vunja hata flashi iliyokamilika, kwa sababu karata nne hizo zina thamani inayozidi sarafu 17.

Zabibu_ya_Hombolo
Dada Binti, nashukuru sana, mfano huo umenifungua macho. Swali linalofuata: programu inaniruhusu kuweka sarafu moja hadi tano. Je, kuna tofauti?

Hesabu_UDOM
Ipo, na ni kubwa. Flashi ya kifalme hulipa sarafu 250 kwa kila sarafu ukiweka moja hadi nne, lakini ukiweka tano hulipa 4,000 badala ya 1,250. Anayeweka pungufu ya tano anapoteza zaidi ya asilimia 1 ya marejesho. Kwa hiyo, chagua mashine yenye sarafu ya thamani ndogo ili tano zake zienee katika dau lako, badala ya kuweka sarafu moja kubwa.

Ila fahamu pia kwamba mkono huo huja takriban mara moja katika mikono 40,000, na umebeba karibu asilimia 2 ya marejesho yote. Kwa mwendo wa mikono 600 kwa saa, hizo ni saa zaidi ya 65 za kucheza. Kwa hiyo, anayecheza 9 na 6 bila kosa, siku ambazo mkono huo haumjii, na ndizo karibu siku zote, anarudishiwa kama asilimia 97.5.

Mzee_wa_Mpwapwa
Wanangu, nimesoma kwa makini, na nataka Double Double Bonus nayo ipimwe, kwa kuwa ndiyo inayowavuta vijana. Esi nne zikiambatana na 2, 3 au 4 hulipa sarafu 400 kwa kila moja, na kweli hilo linasisimua. Fedha hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye jozi mbili, ambazo katika Jacks or Better hulipa 2 na huku hulipa 1 tu, na jozi mbili huja takriban mara moja katika kila mikono 8. Jedwali lake la 9 na 6 hurudisha asilimia 98.98, lakini fedha hupanda na kushuka kwa nguvu zaidi kwa sababu ile mikono midogo inayokushikilia imepunguzwa. Mwenye mtaji mdogo huishiwa kabla ya esi kufika. Kwa mwanafunzi, siupendekezi kabisa.

Jambo la pili ni la sheria. Hapa nchini michezo hii iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa Sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Hesabu zote mlizoandika zinasimama juu ya sharti moja, kwamba mashine inachanganya karata 52 kwa haki. Tovuti isiyo na leseni haina wa kuikagua, na tarakimu ya asilimia 99.54 haina maana yoyote huko. Tena nawaomba: mcheze hiyo ya bure. Fedha ya ada na ya mbegu isiingie humu, kwa sababu hata jedwali bora la Jacks or Better, kwa mwaka mzima, bado linakula.

Singida_Alizeti
Mzee wetu, shikamoo, na asante. Nakubali kwamba Deuces Wild isubiri. Nabaki na msimamo mmoja tu, kwamba aliyekwisha kuimudu Jacks or Better asiiogope, mradi ausome kwanza ule mstari wa nne za namba moja.

Zabibu_ya_Hombolo
Marahaba kwa wote mliochangia. Nimeangalia sasa hivi: Jacks or Better ya programu yangu ni ya 8 na 5. Je, niitumie hivyo hivyo kujifunzia, au nitafute yenye 9 na 6?

Binti_Kondoa
Tafuta inayokuruhusu kubadilisha jedwali mwenyewe na inayokuonya papo hapo ukishika karata isiyofaa. Hilo la kuonya ndilo litakalokufundisha upesi kuliko kusoma orodha. Maamuzi mengi ni yaleyale katika majedwali yote mawili, kwa hiyo ulichojifunza hakipotei. Weka 9 na 6, weka sarafu tano, cheza polepole, na kila onyo likitokea, simama uhesabu karata 47 zilizobaki kabla ya kubonyeza tena.