Mrejesho: kompyuta tulivu ya kurekodia, bei nafuu

Wakuu, niliuliza namna ya kuunda kompyuta ya mezani isiyo na kelele, ya kukaa chumba kimoja na maikrofoni. Mashine imewaka, asanteni.

Prosesa ni Ryzen 5 5600G. Ina grafiki ndani yake, kwa hiyo hakuna kadi ya grafiki wala feni zake. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) nimeibana iwe ya wati 45. RAM GB 32, vipande viwili vya GB 16. Kipande kimoja hupunguza kasi bure. Hifadhi ni SSD pekee, maana diski ya kuzunguka hutetemesha hadi meza.

Feni ni za milimita 120. Kinachoudhi zaidi si mvumo wenyewe, ni kupanda na kushuka kila programu-jalizi (plugin, nyongeza ya programu ya kurekodia) inapofunguliwa. Dawa: kwenye mipangilio ya feni, mstari wa kasi dhidi ya joto ulale hadi nyuzi 60, na feni icheleweshwe sekunde kadhaa kabla ya kupanda.

Kilichosumbua ni sauti kukwaruza kwenye bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128. LatencyMon, programu ya kutafuta kinachochelewesha sauti, ilionyesha chanzo ni draiva (programu endeshi) ya Wi-Fi. Nikirekodi naizima Wi-Fi, basi. Kwa 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde) bafa hiyo ni kama milisekunde 2.7, kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa kadi ya sauti.