Makocha wa shabaha Mombasa, acheni kuwauzia wanagenzi mikanda kabla ya kuwafundisha kidole cha triga

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kila mashindano ya bastola yakikaribia hapa Mombasa, uwanjani wanajaa watu wapya waliopambwa kama maharusi: mkanda wa tabaka mbili, mifuko saba ya magazini (vile vibebea risasi), doti ya kulengea juu ya slaidi, na triga iliyolegezwa kupita kiasi. Waambie wapige risasi tano kwenye karatasi, mita 10, polepole. Zote tano chini kushoto. Hilo si kosa lao. Kosa ni la waliochukua pesa zao.

Tuanze na hiyo chini kushoto, maana hapo ndipo ulaji unapoanzia. Mtu wa mkono wa kulia matundu yake yakikusanyika pale, karibu kila mara bastola haina neno. Anausubiri mlio. Nukta moja kabla ya risasi kutoka, vidole vyote vinakaza pamoja na kile cha triga, mkono unasukuma kulizuia teke, mdomo wa mtutu unainama. Kocha anayeijua kazi huchukua magazini, akachanganya risasi bandia tatu na halisi saba bila mwanafunzi kuona mpangilio, kisha wakasimama kutazama wote wawili. Ikifika ile bandia, unasikia "tk" tu, na saiti ya mbele inapiga mbizi mbele ya macho ya mwenyewe. Hakuna mhadhara unaoshinda hilo. Makocha wetu wao wanatoa bisibisi! Wanasogeza saiti ya nyuma kwenda kulia na juu, karatasi inapendeza jioni ile, mtu anaenda nyumbani amefurahi. Siku mkono ukitulia, risasi zinaruka juu kulia, na hapo anauziwa saiti nyingine.

Triga nayo. Kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano haya, kwa daraja la Production (bastola za kawaida za kiwandani) ziko wazi: kila mvuto usipungue kilo 1.36, au mvuto wa kwanza usipungue kilo 2.27. Mwamuzi ana haki ya kuipima kwa uzani. Mtu anauziwa springi laini "ya mashindano", triga inashuka chini ya kiwango, na siku ya ukaguzi anahamishiwa daraja la Open, akashindane na bastola zenye doti na kipunguza teke mdomoni. Doti yenyewe ni hivyo hivyo: Production hairuhusu, kuna Production Optics kwa ajili hiyo. Kwa nini mtu aambiwe haya na mwamuzi na si na aliyemuuzia?

Na si sheria peke yake. Springi ya pini ikiwa laini mno, pini inagonga kiberiti cha risasi bila nguvu, risasi inabuma. Iokote uitazame kitakoni: badala ya kibonyeo kilichozama, utaona alama ya juujuu, kama ukucha uliobonyeza nta. Risasi hiyo ikirudiwa ikalia, shuku springi kwanza, au slaidi ambayo haikurudi mbele ikajifunga sawasawa kwa uchafu. Mazoezini, risasi isipolia, mtutu ubaki unaelekea kwenye tuta, hesabu hadi 30 ndipo uitoe. Na ukisikia mlio hafifu, kama kizibo cha chupa, SIMAMA HAPO HAPO. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikifuata mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, mwite mwamuzi, mtutu uchunguzwe kabla ya chochote kingine. Hili ni somo la siku ya kwanza. Nionyesheni muuza mikanda mmoja anayelifundisha siku ya kwanza.

Holsta, yaani ala ya bastola kiunoni, ndiyo inayonipandisha presha. Wanauza zile za kitambaa laini, "inaingia bastola yoyote". Jaribu hivi: bastola tupu, magazini hakuna, umekaguliwa na mwenzako. Ichomoe halafu tazama mdomo wa holsta. Umejikunja? Basi kuirudisha utahitaji mkono wa pili kuufungua, na mkono huo unapita mbele ya mtutu. Hiyo ni kuondolewa mashindanoni, na ni haki uondolewe. Unachotaka ni plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa modeli yako hasa, inafunika kikinga triga chote, mdomo haujikunji. Kwa Production iwe nyuma ya mfupa wa nyonga, na mpini usikae zaidi ya milimita 50 kutoka kwenye mkanda.

Mifuko saba ya nini? Steji (zoezi moja la mashindano) ndefu ya IPSC haizidi risasi 32. Production unaanza na risasi 15 kwa magazini. Magazini tatu ni risasi 45, ya nne ni akiba ikiwa moja itaanguka mchangani. Bastola na magazini nne, mkanda mgumu usiopinda kwa uzito, miwani ya kinga, viziba masikio, holsta ya maana. Basi! Pesa iliyobaki nunua risasi na taima.

Risasi nazo msinunue kwa bei tu. Kipimo cha nguvu ni uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), mara mwendo kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Kiwango cha chini ni 125. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,000 ni 124 kamili, na hapo unapiga mashindano mazima bila alama hata moja. Greni 115 inahitaji angalau futi 1,087. Boksi ambalo muuzaji hajui mwendo wake kwenye mtutu wa urefu kama wako, libaki dukani kwake.

Halafu hii nyimbo ya "kasi, kasi, kasi". Alama zinagawanywa kwa muda; tundu la eneo A la shabaha ni alama 5, la C ni 3. Steji fupi ya risasi 12: aliyepata A zote ana 60, ametumia sekunde 10, anapata 6.00. Mwenye kasi ametumia sekunde 8, A tisa, C mbili, moja imekosa. Ni 45 na 6, toa 10 ya kukosa, zinabaki 41. Gawa kwa 8 ni 5.125. Amewahi kwa sekunde mbili nzima na ameshindwa. Mpigie mwanafunzi hesabu hii ubaoni kabla hujamuuzia kitu cha kumfanya awe "mwepesi".

Mazoezi yanayojenga mtu hayana faida ya dukani, ndiyo maana hayatajwi. Mazoezi makavu, yaani bila risasi halisi, dakika 15, siku tano kwa wiki. Risasi halisi zote zifungiwe chumba kingine. Kagua chemba kwa macho, kisha kwa kidole, kisha ukague tena. Elekea ukuta wa zege usio na watu nyuma yake. Kata karatasi sentimita 15 kwa 19, ibandike, simama mita 3: inaonekana kama shabaha kamili ya IPSC iliyo mita 9. Dakika tano za kwanza, sarafu juu ya saiti ya mbele, vuta triga taratibu mpaka igonge na sarafu isidondoke. Tano za pili, kuchomoa kwa taima, anzia sekunde 2.0, ukizifikia mara kumi mfululizo bila saiti kuyumba punguza 0.1. Tano za mwisho, kubadilisha magazini kwa risasi bandia, kidole nje ya kikinga triga muda wote. Ukimaliza, sema kwa sauti "nimemaliza", iweke bastola kasikini. Ile "mara moja ya mwisho" baada ya kurudisha risasi ndiyo inayotoboa kuta za watu.

Na mbona hakuna anayewaambia habari ya hewa yetu? Hapa ni chumvi na jasho mwaka mzima. Holsta ya ngozi ni ya kuvaa, usilaze bastola ndani yake, ngozi inashika unyevu na kutu inaanza pale inapogusa chuma. Futa kwa khanga kuukuu iliyokauka, mafuta mepesi utando tu, ukiyamimina mchanga unaganda reli za slaidi. Fungua magazini uone springi, kutu huanzia kwenye kona zile za chini ambako hakuna anayetazama. Wenye doti na miwani: ukishuka kutoka gari lenye eisi kali, kioo kinavaa ukungu papo hapo, na steji yako ya kwanza unaipiga kipofu. Zima eisi mapema, fungua madirisha kilomita za mwisho.

Ninachodai ni hiki. Kocha yeyote anayeuza vifaa, aandike bei na daraja ambalo kifaa kinaruhusiwa kabla ya kupokea pesa. Klabu ziwe na uzani wa triga wiki moja kabla ya mashindano, bure, ili watu wasiaibishwe asubuhi ya siku yenyewe.

Jibu la kwanza:
Mzee, umesema kweli, ila umesahau eneo la usalama. Naamua mashindano, na kila mara nawakuta wanagenzi pale wakishika magazini zenye risasi. Pale unaweza kushika bastola tupu ukielekea tuta, lakini risasi HAZISHIKWI, hata zile bandia. Ni kuondolewa moja kwa moja. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Jibu la pili:
Ongezeni na mikono midogo. Kina dada wanauziwa bastola nene ya kocha mwenyewe. Ukiishika sawasawa, mtutu umenyooka na mkono wako, ncha ya kidole isipofika katikati ya triga bila kuzungusha mpini, hiyo si yako. Omba migongo ya mpini ya kubadilisha, nyingi huja nayo kwenye boksi na muuzaji hata halifungui.

Mwenye uzi:
Ndugu mwamuzi, shukrani, hilo la risasi bandia eneo la usalama naliweka juu kabisa. Dada yangu, boksi ni lako, umelilipia. Lifungueni pale pale kaunta, hesabuni migongo ya mpini na magazini, msaini baadaye.